Saratani ya umio: kabla ya kuuliza matundu au kisu

Mtori unaficha mengi. Mzee akianza kukwamwa na nyama, nyumbani wanamkatia vipande vidogo. Ugali ukikataa, anapikiwa mtori, ile supu nzito ya ndizi, na mtori nao ukigoma, uji mwepesi. Kila hatua familia inajipa moyo kwamba bado anakula. Lakini chakula kigumu huanza kukwama njia ya umio ikishabanwa chini ya milimita 13 hivi, na mwenye umio mzima hafiki huko bila sababu. Siku nyama ilipokwama ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa kwa kamera na kukatwa kinyama cha maabara.

Mgonjwa akifika hospitalini Moshi akiwa kwenye uji, ndugu huuliza swali moja: "Daktari, si mtamfanyia ile ya matundu?" Wanamaanisha upasuaji wa kamera kupitia matundu madogo, badala ya kupasua wazi. Swali halina ubaya, ila limeruka foleni. Nadhani tunabishana mno kuhusu mkato, tunasahau mahali kiungio, yaani mshono unaounganisha upya njia ya chakula, kitakapokaa na nani atakigundua kikivuja saa tisa usiku.

Njia kuu za kuutoa umio wenye saratani ni tatu. Ya kwanza haifungui kifua: daktari huingia kwa tumbo na shingo, na katikati huubandua umio kwa kupapasa. Ya pili, iitwayo Ivor Lewis, hufungua tumbo kisha kifua cha kulia, na kiungio hubaki kifuani. Ya tatu, iitwayo McKeown, hufungua kifua, tumbo na shingo, kiungio kikakaa shingoni. Kwa kawaida zote hugeuza mfuko wa tumbo kuwa mrija wa upana wa sentimita 4 hivi, ukavutwa juu kuziba pengo. Mrija huo unalishwa na ateri moja inayopita ukingoni. Ncha yake, ile hasa inayoshonwa, ndiyo iliyo mbali zaidi na damu. Ndiyo maana kiungio huvuja hata mikononi mwa fundi hodari.

Je, njia ipi inarefusha maisha? Uholanzi walilinganisha ya kupapasa na ya kufungua kifua kwa wagonjwa 220. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa 34% na 36%, karibu sare, ingawa waliofunguliwa kifua walipata shida nyingi zaidi za mapafu. Msomaji wa haraka atasema basi tupapase. Hapana! Wale walikuwa na adenokasinoma, saratani inayoanzia kwenye seli za tezi, nyingi zikiwa chini karibu na tumbo. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki unasumbuliwa zaidi na saratani ya seli bapa, zile za utando wa ndani wa umio, ambayo mara nyingi hukaa katikati, nyuma ya bomba la hewa. Huko kupapasa bila kuona ni kucheza kamari na bomba hilo, na tezi za limfu za kifuani, ambako saratani husambaa, hubaki.

Faida kubwa ya matundu iko kwenye mapafu. Katika jaribio lililochapishwa 2012, maambukizi ya mapafu ndani ya wiki 2 yalikuwa 29% kwa waliopasuliwa wazi na 9% kwa waliofanyiwa kwa kamera. Mwenye jeraha la tumbo na la kifua kwa pamoja anaogopa kukohoa, makohozi yanalala, nimonia inaingia. Wafaransa walifanya nusu kwa nusu: tumbo kwa kamera, kifua wazi. Madhara makubwa yalishuka kutoka 64% hadi 36%. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia kwetu, kwa sababu kamera ya tumbo ni rahisi kuipata na kuizoea kuliko ya kifua.

Kiungio nacho? Kifuani huvuja mara chache kuliko shingoni, hilo limethibitishwa. Lakini kikivuja kifuani, mate na uchafu huingia kuzunguka moyo na mapafu, na mgonjwa anahitaji chumba cha mahututi, siti skani na pengine kurudi mezani usiku huohuo. Shingoni, jeraha huwa jekundu, homa inapanda. Unafungua nyuzi kitandani, mate yanatoka kwenye chachi, unamlisha kwa mrija wa utumbo mwembamba na mara nyingi kunajifunga. Kasoro yake ni mshipa wa fahamu wa sauti: ukiguswa, sauti inakwaruza na maji yanapotea njia kuelekea mapafuni. Pasipo uangalizi wa saa 24, ningechagua shingo.

Hata hivyo, pengo kubwa kabisa la uhai halikutokana na mkato. Jaribio la CROSS lilitoa mionzi vipindi 23 pamoja na dawa mbili za kemo kila wiki kwa wiki 5, kisha upasuaji. Kwa wenye saratani ya seli bapa, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 81.6, dhidi ya miezi 21.1 kwa waliopasuliwa moja kwa moja. Hakuna tundu linaloweza kufidia hilo. Mgonjwa anayeweza kupata mionzi asiharakishwe mezani. Atumie muda huo kuacha sigara, kufanya mazoezi ya kupumua kila siku na kurudisha uzito, hata kama ni kwa mtori uliotiwa maziwa na siagi.