Paka wa Mwaloni Kirumba na Swali la Mbegu Yake

Paka wangu nilipewa mwaloni Kirumba, Mwanza, na mama mmoja anayeuza dagaa. Alikuwa kitoto cha kuenea kiganjani, rangi ya mchanga, miguu na mkia vina milia, na kwenye paji la uso ana alama kama herufi M. Sasa ana mwaka na nusu, na kila anayefika kwangu Nyegezi ana jina la kumpa. Jirani anasema ni wa mbegu ya Abyssinian, kwa kuwa ubavuni hana milia. Mpwa wangu alimpiga picha, simu ikajibu kwamba ni Bengal. Shangazi, aliyefuga paka maisha yake yote, alimtazama mara moja tu. "Huyu paka, mwanangu. Mpe dagaa."

Naona wote watatu wanastahili kusikilizwa, maana siku hizi mtu akitaka kuchukua paka wa kulea, anauliza kwanza ni mbegu gani, na jibu analitafuta kwenye manyoya.

Wanaokisia mbegu kwa manyoya wana hoja moja nzito, nayo imetoka hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1978, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi, Kenya, mwanamke mmoja aitwaye Jeni Slater aliwaona paka wenye mabaka ya mviringo yaliyochanganyika na vidoadoa vya rangi hafifu. Akawafuga, baadhi ya uzao wao ukapelekwa Denmark, na leo Sokoke ni mbegu inayotambuliwa rasmi. Bila yale manyoya, pengine hakuna ambaye angegeuka kuwatazama mara ya pili. Kwa hiyo si kweli kwamba manyoya hayasemi lolote.

Lakini tazama kilichofuata. Waliopelekwa Denmark waliandikwa kwenye daftari: mama fulani, baba fulani, kizazi baada ya kizazi. Ndugu zao waliobaki Kilifi wakaendelea kuwa paka wa kijijini, ingawa manyoya ni yale yale. Mbegu ni ukoo uliosimamiwa na kuandikwa. Kazi hiyo yenyewe haina umri mkubwa: maonyesho makubwa ya paka ya London, ambako watu walianza kuwashindanisha kwa aina, yalifanyika mwaka 1871. Paka wameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka kabla ya hapo, na muda wote huo hakuna aliyewaandikia ukoo.

Manyoya yana hesabu zake. Kila paka wa kufugwa ametokana na paka-mwitu wa Afrika, kimburu mwenye milia ambaye hadi leo yupo Serengeti, mbuga ambayo upande wake wa magharibi unakaribia kabisa ziwa letu. Milia ndiyo asili, na mengine ni mabadiliko ya jeni moja au mbili. Mabaka ya mviringo hujitokeza pale tu mtoto anapoirithi jeni ya mabaka kwa wazazi wote wawili, kwa hiyo paka wawili wa milia wanaweza kuzaa mtoto wa mabaka. Tena jike mmoja anaweza kubeba watoto wa madume tofauti katika mimba moja. Chini ya mtumbwi mmoja pale mwaloni unaweza kukuta wa milia, wa mabaka na wa madoa wakinyonya pamoja. Mkisiaji angewapa mbegu tatu, nao mama yao ni mmoja.

Na huyu wangu? Nilichukua unyoya mmoja wa mgongoni nikauinua kwenye mwanga wa dirisha. Shina ni la kijivu, halafu manjano, halafu mweusi, kisha manjano tena, na ncha nyeusi. Mikanda hiyo ndiyo inayompa rangi ya mchanga, na kuhusu ubavu jirani hakukosea, kwani jeni inayofuta milia ubavuni ni ile ile aliyo nayo Abyssinian. Ila Abyssinian anayo kutoka pande zote mbili, na milia miguuni kwake huhesabiwa kasoro. Paka mwenye nakala moja tu hubaki na milia miguuni na mkiani, kama huyu wangu. Simu nayo iliona madoa tumboni ikakimbilia Bengal, mbegu iliyotokana na kuchanganya paka wa kufugwa na paka-chui wa Asia, ambaye ni paka-mwitu mwingine. Madoa ya namna hiyo anaweza kuwa nayo paka yeyote ambaye milia yake imekatika-katika.

Wafugaji wa Kanda ya Ziwa wasingehitaji maelezo haya kama tungekuwa tunazungumzia kuku. Kishingo ni jeni moja tu inayoondoa manyoya shingoni, na hakuna anayedhani kwamba kishingo wa Magu na kishingo wa Songea ni ukoo mmoja. Kuchi tunamjua kwa umbo: mrefu, kifua wima, mdomo mfupi. Kwa paka pia umbo lina ushahidi kuliko rangi. Uso uliobonyea wa paka wa Kiajemi una uzito ambao milia haina, na hapo kukisia kuna faida, kwa sababu mbegu hiyo ina tabu ya kupumua na ugonjwa wa figo, na daktari anapaswa kujua.

Rangi yenyewe ina habari zinazomfaa mlezi hata bila jina la mbegu. Paka wa rangi tatu karibu kila mara ni jike. Mweupe mwenye macho ya bluu mara nyingi ni kiziwi, asiachwe karibu na barabara. Na masikio meupe hupata saratani ya ngozi kwa jua kali, nasi tunaishi karibu na ikweta.

Kinachoniumiza ni jina linapogeuka bei. Mtu anaambiwa "chotara wa Bengal", analipa, halafu paka akikua na kuonekana wa kawaida anatupwa sokoni. Ni kweli jina zuri limewahi kumwokoa paka asipigwe mawe na watoto, nami silidharau hilo. Lakini paka aliyependwa kwa jina la uongo hana kinga siku uongo ukijulikana.

Nilipompeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, daktari wa mifugo aliuliza aandike nini mahali pa mbegu. Nikamwambia kienyeji. Mahali pa rangi tulijaza mistari miwili na bado hatukumaliza.