Sare za harusi hazikuanza na simu

Kuna mwandishi kaandika kwamba kina mama wanakopa kununua sare za harusi kwa sababu ya picha za Instagram. Hapo sikubaliani naye. Simu imekuja juzi tu. Utumwa ulipopigwa marufuku hapa kwetu Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha kaniki, ile nguo nyeusi ya kitumwa, wakajifunga kanga, baadaye na buibui, ili nao waonekane waungwana. Na ile milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, mnadhani ilichongwa kuzuia wezi?

Nendeni kwenye taarab mkaone mtu anavyokwenda kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa: noti kainyanyua juu, anatembea kwa maringo, anapita makusudi mbele ya hasimu aliyemkusudia, ndipo amfikie mwimbaji. (Dukani anadaiwa sukari ya mwezi mzima, lakini hayo tuyaache.)

Yule mwanamke wa 1897 alikuwa anadai heshima aliyonyimwa, siwezi kumlaumu. Ila sare ya laki moja kwa harusi ya jirani, na mtoto hana viatu vya skuli, hapo mie sielewi. Wenye harusi wangesema tu: njoo na kanga uliyonayo, pilau ipo.