Mlinzi wa Saa Hasi 18

Kwenye geti la ghala moja hapa Tanga, daftari la walinzi lina safu mbili za muda: kuingia na kutoka. Tarehe huandikwa mara moja tu, juu ya ukurasa. Daftari lilipohamishiwa kwenye hifadhidata, safu zikahama vilevile zilivyo, na mwisho wa mwezi mlinzi aliyeingia 22:00 akatoka 04:00 akaonekana amelinda saa hasi 18.

Kwa saa zetu za Kiswahili hapo hapana mgogoro: kaingia saa 4, katoka saa 10, kumi toa nne ni sita. Ila tusijisifu sana. Anayeingia saa 11 jioni akatoka saa 1 usiku anatutia taabu ileile.

Wapo wanaosema dawa ni nyepesi: saa ya kutoka ikiwa ndogo kuliko ya kuingia, ongeza 24. Kwenye Excel, fomula MOD(B2-A2,1), A2 ikiwa saa ya kuingia na B2 ya kutoka, inamaliza kazi. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mwambie mlinzi ajaze tarehe saa 7 usiku, ataandika ipi? Kwake zamu bado ni ya Jumatatu, japo huo ni usiku wa kuamkia Jumanne. Na kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 12 za kazi kwa siku, wanauliza, zamu ya kuzidi saa 24 itatoka wapi?

Itatoka palepale getini. Mlinzi kaingia Ijumaa saa 12 jioni, wa kumpokea hakutokea, katoka Jumapili saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 36. Ongeza 24 kwa ile mbinu, unapata 12: jibu safi, halali, lisilomshtua mtu. Saa 24 za jasho lake zimeyeyuka, pamoja na sehemu ya posho ya usiku, ambayo sheria hiyohiyo inataka isipungue asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Tena ofisi imefichiwa kosa lake yenyewe. (Sijui kama zote zingependa lifichuliwe.)

Ndiyo maana mimi nasimama na wanaohifadhi tarehe na saa pamoja. Tarehe ikikosewa, zamu ya saa 6 inageuka 30 au hasi 18, na hilo hata karani anayesinzia ataliona. Halafu kwa nini mlinzi aandike tarehe? Abonyeze kitufe, seva iweke yenyewe. Seva ikifuata UTC, saa ya marejeo ya dunia, haidhuru, sisi tuko mbele yake kwa saa 3 mwaka mzima, hatusogezi saa kila msimu kama Uingereza.

Kurasa za zamani zitabaki na ile ongeza-24, maana tarehe ya kutoka haikuandikwa popote. Ziwekewe alama tu, ili mlinzi akija kulalamika mtu asimwonyeshe kompyuta kama ushahidi.