Fisi Kasafiri

Kikundi chetu cha maigizo kina sheria moja: alichoandika mtoto hakiguswi. Tunazunguka shule za msingi za Morogoro, tunaacha sanduku kwa mwalimu wa Kiswahili, watoto wanatumbukiza hadithi zao, tunachagua moja na kuirudisha pale pale shuleni ikiwa mchezo. Mtoto akiandika simba alipanda bodaboda, basi simba atapanda bodaboda, petroli juu yetu. Wazo lenyewe si geni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996, wasichana wa sekondari walianza kuigiza yanayowasibu mbele ya walimu na wazazi wao. Sisi tumeshuka tu mpaka darasa la nne, ambako wahusika ni wengi kuliko bajeti.

Maana mtoto wa darasa la nne hana habari na hali ya kikundi. Anaandika "wakaja askari mia tatu" na kuendelea na maisha yake. Sisi tuko watano, na mmoja ndiye mpiga ngoma. Halafu mwanzo ni "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua lilikuwa likiwaka," katikati watu wanakufa wote, na mwisho, mwandishi akishazidiwa na mambo aliyoyaanzisha mwenyewe, "Ghafla nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto!"

Hadithi ya binti mmoja nayo iliishia ndotoni, lakini kabla ya hapo ilikuwa na mambo. Fisi kakopa kausha damu ili anunue sofa. Kila Ijumaa Chui, mwenye fedha, anakuja na daftari. Fisi akisikia hodi anaingia kwenye pipa na kumwambia mwanawe, "Sema baba kasafiri." Mtoto anafungua mlango: "Baba kasema kasafiri."

Tukasema huyu mtoto ana kipaji cha kubuni. Kilichotutoa jasho ni vipimo vyake. Fisi wake alivaa ndala moja ya bluu na moja nyekundu, zote za mguu wa kushoto. Suruali imechanika goti moja. Deni, shilingi 87,500. Hata safari ilikuwa na mahali pake: Kilosa. Sheria ni sheria, ndala tukazitafuta sokoni mpaka tukazipata, na jamaa yetu anayecheza Fisi akawa anatembea mazoezini kama anayekwepa tope la upande mmoja. Kichwa tulikitengeneza kwa boksi la televisheni na uji wa ngano. Pipa tukaazima kwa mama ntilie. Sofa alitutolea mwalimu mkuu kutoka sebuleni kwake, nyumba yake ikiwa hapo hapo shuleni, kwa sharti kwamba vitambaa vya kufuma vya mkewe visiondolewe.

Mchezo ulichezwa siku ya wazazi, chini ya mwembe. Meza kuu ilikuwa na mwalimu mkuu, mtendaji wa kata, kamati ya shule na maji ya chupa. Nikaita "Paukwa!" wakaitika "Pakawa!" Fisi akaingia.

Uwanja ukaangua kicheko.

Fisi hajasema neno! Na ukikaa kwenye kazi hii unajifunza kwamba kuna kicheko kinachotazama jukwaa na kuna kicheko kinachotazama pembeni. Hiki kilikuwa kinageuza shingo. Watu wanamwangalia Fisi miguuni, wanaangalia benchi la tatu, wanarudi kwa Fisi. Nikachungulia kwenye tundu la pazia. Benchi la tatu kakaa baba mmoja, anarudisha miguu yake uvunguni taratibu, kwanza huu, kisha huu. Kabla wa pili haujapotea nikaiona ndala. Nyekundu. Ya kushoto, mguu wa kulia.

Jukwaani Chui kashabisha hodi.

"Baba yupo?"

"Baba kasema kasafiri. Kaenda Kilosa."

"Kilosa?" Sauti hiyo haikutoka jukwaani. Upande wa akina mama alisimama mmoja, kitenge kimekazwa, mkoba kwapani. "Kilosa hii hii niliyoambiwa mimi Ijumaa?"

Baba wa benchi la tatu akainuka. Geti liko upande wa akina mama, huko hakupitiki. Akaja upande wetu, akapita na pazia, kamba na turubai, akalivamia pipa. Pipa lilikuwa na mtu. Fisi wetu akamwagika nje, yeye akazama ndani. Alivyoenea ni siri yake na pipa. Mama anafika, anamkuta mwanamume mwenye ndala ya bluu na nyekundu, goti nje, kichwa ndani ya boksi. Akamshika sikio. Likabaki mkononi.

"Mama, mimi ni Fisi!"

"Najua kama wewe ni fisi! Leo utanilipa!"

Jamaa yetu ana imani kwamba msanii hatoki ndani ya mhusika wake, liwalo na liwe. Akamjibu kwa sauti nzito ya kifisi: "Mimi nimesafiri."

Makofi! Vigelegele! Niliambiwa baadaye kuwa mtendaji wa kata alimwinamia mwalimu mkuu akamwambia hajapata kuona maigizo yenye uhalisia namna ile. Aliyechukia ni mmoja tu: mwandishi. Alisimama mstari wa mbele, kakunja uso, daftari mkononi. "Sivyo! Chui hamkamati! Bado ukurasa mzima!"

Mama akawaita vijana wake. Wakaingiza toyo mpaka jukwaani na kuanza kupakia sofa, maana kausha damu ndivyo walivyo, ukikosa fedha wanabeba chochote chenye miguu minne. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa bado anacheka, akakata kicheko. "Hilo ni langu!"

"Mwalimu, usimtetee."

Hapo pipa likasema: "Kweli si langu! Langu ulishalichukua mwezi uliopita!"

Nikaona hapa dawa ni kufunga mchezo. Nikafunua ukurasa wa mwisho na kusoma kwa sauti ya juu kabisa: "Ghafla nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto!"

Mama akanigeukia na sikio lake la boksi. "Ndoto? Elfu themanini na saba na mia tano ni ndoto?"

Mtendaji ndiye aliyeokoa jahazi. Kikao kikakaliwa palepale chini ya mwembe, ikaandikwa ahadi ya kulipa kidogo kidogo, sofa likateremshwa. Kitambaa kimoja cha kufuma hakijaonekana mpaka leo na mke wa mwalimu mkuu hanijibu salamu.

Jioni tunafungasha, nikamwona yule baba anakuja, kamshika binti yake mkono. Nikasogea karibu na mpiga ngoma wetu, ndiye mwenye mwili.

"Mwalimu," akasema, "mchezo mzuri, sikatai. Ila mmenionea. Mimi nilikopa elfu sitini. Hiyo themanini na saba mmeitoa wapi?"

Binti hakuinua hata macho. "Riba, baba."