Kioo cha gari nilibadilisha mwenyewe, na kwa fundi sirudi

Kila nikisema kioo cha mbele cha Toyota IST yangu nimebadilisha mwenyewe nyumbani, watu wananiangalia kama nimejing'oa jino. Wanadhani nabana hela. Hela wapi bana, ukishanunua kioo, gundi, praima (dawa ya kupaka chini ya gundi) na waya umeokoa ya ufundi tu.

Mwanzo nilipeleka kwa fundi kama watu wote. Jiwe la lori lilinikuta njia ya Chalinze, ufa mdogo kama ukucha, siku moja gari imetoka juani nikawasha AC kali ukakimbia mpaka upande wa pili. Fundi saa moja tu, bosi gari yako hii hapa, nikafurahi mjinga mimi. Masika ikaingia, kapeti ya abiria inanuka mkeka uliolowa, ufa mpya ukaanza kona ya chini, kubandua plastiki ya pembeni nakuta kapiga silikoni, ile ile ya kuzibia masinki.

Jamani hiki sio kioo cha dirisha la choo. Kwenye gari nyingi eabegi ya abiria (ule mfuko wa hewa wa ajali) ikifumuka inagonga kioo kwanza ndo inamrudia mtu, sasa kama kioo kinasukumika si vinatoka vyote? Na gari ikibinuka hicho hicho kinasaidia kushikilia paa.

Nikanunua kioo Gerezani, nikaja nacho kwenye bajaji nimekikumbatia kama mgonjwa, Jumamosi nikamuita shemeji. Kukata gundi kwa waya inatakiwa iwe kazi ya jasho, mmoja ndani mmoja nje mnavutana, sisi waya ulipita kama kisu kwenye papai. Hapo ndo niliogopa kweli. Silikoni tulikwangua yote maana gundi ya kioo haishiki juu yake (ingekuwa gundi ya kiwandani unabakiza milimita 1 au 2, mpya inashika vizuri hapo). Chini tukakuta kutu, tukasimama, msasa, praima, kusubiri ikauke, chai ya pili. Kioo mnakilaza mara moja, na pale pa gundi vidole marufuku, mafuta ya mkono yanaharibu.

Halafu gari ikalala pale pale mpaka Jumapili jioni, dirisha nimeacha wazi kidogo, maana ukibamiza mlango vyote vimefungwa ile hewa inasukuma kioo kabla gundi haijashika. Fundi hawezi kukupa huo muda, nyuma yako kuna gari 3, na sisi wenyewe tunamsimamia kichwani eti fasta nina safari.

Gari yenye kamera nyuma ya kioo, kama Subaru za EyeSight (mfumo wa kamera zinazoangalia barabara), mimi siigusi, ile kamera inatakiwa ipimwe upya kwa mashine. Land Rover 110 za zamani, kioo kinashikwa na mpira sio gundi, ndo starehe, kamba na maji ya sabuni tu.

Shemeji alimwagia mpira wa maji dakika kumi, mimi ndani na tochi. Kavu. Ila waipa moja tuliirudisha vibaya, inagonga nguzo mpaka leo.