Kuku Walipovunja Kamati

Harusi ya mdogo wangu ilipita salama. Aibu yangu ilikuja wiki mbili baadaye, siku ya kuvunja kamati, ile siku wanakamati wanapokutana kula nyama, kusomewa mahesabu na kulaumiana kwa heshima. Tulikutania kwangu, Tabata, na hilo nalo nililipendekeza mwenyewe.

Mambo yalianzia kikao cha tatu, mpiga picha alipouliza picha atazileta kwa njia gani. Wajumbe wakajibu kwa pamoja: WhatsApp. Nikasimama. Nikawaeleza kwamba WhatsApp inazibana picha mpaka bibi harusi anaonekana kama kasimama kwenye moshi, na kwamba hifadhi za mtandaoni za kulipia kila mwezi tutazilipia mpaka mtoto wao aanze shule. Nikasema nina laptopu ya zamani na diski moja ya nje, nitajenga seva ya familia. Mtu akiingia sebuleni kwangu na kushika Wi-Fi, anajichotea picha zake kwa ukubwa wake kamili. Neno "seva" lilimkaa vizuri baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti. Wakanipitishia shilingi 85,000 za kasha la diski na adapta yake.

Laptopu nikaiwekea Debian, mfumo endeshi wa ukoo wa Linux, na juu yake Samba, programu ya kugawia mafaili kwa mashine nyingine. Baba mdogo aliposikia jina akapiga makofi: "Samba! Yaani kusambaza!" Sikumkatalia. Ukweli ni kwamba Andrew Tridgell, Mwaustralia aliyeianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliipa kwanza jina ambalo kumbe lilikuwa na wenyewe. Ikabidi achambue orodha ya maneno iliyomo kwenye kompyuta yake, akitafuta neno lenye S, M na B kwa mpangilio huo, maana utaratibu ambao mashine zinatumia kupeana mafaili unaitwa SMB. Akapata samba. Angekuwa na kamusi ya Kiswahili angekutana na simba, sambaza na sumbua, nami ningemshauri achukue hilo la mwisho.

Siku ya kwanza niliifunika laptopu kwa skrini yake isiingie vumbi, nayo ikalala usingizi wa pono, seva ikapotea hewani, mpaka nilipoiandikia kwenye faili lake la mipangilio, logind.conf, kwamba kufunikwa siyo usiku. Siku ya pili ilinikatalia nywila saa nzima, kwa sababu Samba ina daftari lake la watumiaji na haijali kama Linux yenyewe inakufahamu. Nikajiandikisha humo kwa amri ya smbpasswd, tukaelewana. Siku ya tatu nikaiandika diski ya nje kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kufunguliwa, ili kila mashine inapowaka, diski ifunguke kwenye folda ya /srv/picha. Mwishoni nikaongeza neno moja nililoambiwa ni la busara: nofail. Maana yake, diski isipoonekana usigome, endelea na maisha. Mashine ikatii. Ilitii mno.

Alhamisi jioni luku ikaisha. Nilipoingiza nyingine, mpwa wangu tunayeishi naye alikuwa na sare ya shule ya kunyoosha. Akakuta matundu yote ya ekstensheni yamejaa, akachomoa kidude cheusi ambacho kwa macho yake hakikuwa na kazi yoyote. Ilikuwa adapta ya diski. Mimi nikaja na haraka zangu, nikawasha laptopu, maana betri yake ilishakufa na umeme ukikatika nayo inazimika. Ikawaka bila kinyongo.

Usiku huohuo mpiga picha akaleta fleshi, GB 58. Nikafungua /srv/picha, nikaikuta tupu. Nilikuwa na kumbukumbu kwamba diski ile ina takataka zangu za zamani, lakini nikajiambia, kumbe nilishasafisha, hongera yangu. Nikamwaga picha zote. Nikajaribu kwa simu: bibi harusi huyu hapa, meno yote nje. Fleshi nikampa mpwa, akaijaza singeli kabla hajalala. Mpiga picha naye alikuwa na harusi nyingine Jumamosi, kadi ya kamera akaifuta.

Jumapili asubuhi, nikifagia sebule, nikaiona adapta inaning'inia. Nikaichomeka, nikazima mashine na kuiwasha upya ili kila kitu kikae mahali pake. Picha sikuzikagua tena. Nikague nini, na Alhamisi nilikagua?

Saa tisa alasiri watu 30 wako ndani, mishikaki ya kuku imetua mezani. Mweka hazina akasoma: mapambo, muziki, keki, "seva, shilingi 85,000". Shangazi aliyetoka Korogwe akauliza kwa sauti seva ni chakula gani na mbona yeye hakukionja. Baba mdogo akasema swali hilo litajibiwa kwa vitendo, akanipa ishara. Nikasimama mbele ya TV na rimoti mkononi kama MC, nikafungua folda, nikabonyeza picha ya kwanza.

Ikatokea kuku.

Kuku wa nyama, amepigwa kwa nyuma, mkia umeinuliwa na mkono wa mtu. Mkono wangu. Nikabonyeza mbele: kuku mwingine, nyuma vilevile. Mbele tena: kinyesi chenye damu, kinang'aa inchi 43 nzima, kila tone kwa ukubwa wake kamili kama nilivyoahidi. Zilikuwa picha 214, nilizompigia daktari wa mifugo mwaka ule kuku wangu 200 walipopatwa na kuhara damu. Mtu wa karibu na meza akarudisha mshikaki kwenye sahani taratibu.

"Kaka," bibi harusi akauliza, "mimi niko wapi?"

"Unakuja," nikamwambia. "Ziko nyingi." Nikakimbilia chumbani kwenye laptopu.

Mikono inatetemeka, nikaandika df, amri ya kuuliza diski imejaa kiasi gani. Diski ya ndani, yenye GB 120, imetumika zaidi ya nusu. Nikaandika du, nihesabu mafaili moja moja: GB 6 tu. Yaani mashine inakiri imeshiba, lakini chakula hakionekani. Hapo ndipo jasho lilipokauka. Folda unayofungulia diski ni kama sakafu, na diski ni mkeka unaotandikwa juu yake. Alhamisi mkeka haukuwepo. Harusi nzima niliimwaga sakafuni. Leo asubuhi nimetandika mkeka wa kuku juu ya bibi harusi.

Basi ni kukunja mkeka. Nikaandika umount. Mashine ikagoma: inatumika. Inatumika na nani? Nikachungulia sebuleni. Shangazi alikuwa amekamata rimoti, amefika kuku wa 60 na kitu, anabonyeza mbele kwa subira akitafuta harusi inapoanzia. Na simu kama kumi hivi zilikuwa zinajichotea kwa pupa, kwa sababu watu niliwaelekeza vizuri mno. Ikabidi niizime Samba kabisa, nikunje mkeka, nichungulie. Majina ya mafaili yakaporomoka kwenye skrini, yote ya harusi, hakuna hata moja lililokosekana. Nilikaa kitandani dakika nzima kabla ya kuiwasha tena.

Picha zilipotokea watu walishangilia, ila si kama zamani. Chumba kilikuwa kimeshafanya uamuzi wake kuhusu shilingi 85,000. Katikati ya picha ya kukata keki, shangazi akanigeukia.

"Baba, wale kuku walipona?"

"Walipona 60, shangazi."

"Si haba. Kwa ile hali, si haba." Akarudi kwenye keki.

Usiku nilizihamishia picha kwenye diski ya nje, nikafuta kuku, na ile folda tupu nikaifunga kwa chattr +i ili siku diski isipokuwepo isipokee hata faili moja. Kwenye adapta nikabandika karatasi niliyoiandika kwa maka peni nyekundu: USICHOMOE. Jumatatu jioni nilikuta pameongezwa mstari chini yake, kwa mwandiko safi wa darasa la saba: "Na pasi je?"