Wanaosomea Afya ya Watoto Waanzie na Mwenye Miaka Kumi

Ninawafahamu wauguzi na maafisa wa kliniki kadhaa hapa Malindi waliosoma, au wanaosoma sasa, uzamili wa afya ya jamii katika mkondo wa afya ya watoto na vijana balehe. Takriban wote, ulipofika wakati wa kuchagua mada ya tasnifu, walirudi kwa mtoto wa chini ya miaka mitano: chanjo, unyonyeshaji, uzito, malaria. Vijana balehe walibaki kwenye jina la shahada tu. Kwa maoni yangu utaratibu huo ugeuzwe, na mwanafunzi wa Pwani anayeipata nafasi hii adimu aanze na mtoto mwenye umri wa miaka 10 hadi 14.

Sisemi kwamba kazi ya watoto wadogo imekwisha. Uchunguzi wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi wamedumaa, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa asilimia 18. Hata hivyo mtoto huyo anaonekana. Ana kitabu cha mama na mtoto chenye mchoro wa ukuaji ambao nesi huutia nukta kila siku ya kliniki, na ana mhamasishaji wa afya ya jamii anayemfuata nyumbani na utepe wa kupimia mkono, ambao ukisoma chini ya sentimita 11.5 hakuna tena mjadala, ni utapiamlo mkali na matibabu yanaanza. Kumfuatilia hivyo kumezaa matunda: duniani kote watoto waliofariki kabla ya kutimiza miaka mitano walizidi milioni 12 mwaka 1990, na kufikia mwaka 2022 walikuwa wamepungua chini ya milioni 5.

Akishapita umri huo, mtoto yuleyule hutoweka. Zahanati zetu huwaandika wagonjwa wa nje katika madaftari mawili, moja la walio chini ya miaka mitano na jingine la waliouzidi umri huo, na katika hili la pili msichana wa gredi ya sita hufuatana mstari kwa mstari na mzee wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu. Uchunguzi wa kitaifa nilioutaja nao huwapima watoto wadogo urefu na uzito, kisha huwahoji wanawake na wanaume kuanzia miaka 15. Shirika la Afya Duniani humhesabu kijana balehe tangu miaka 10 hadi 19. Kwa hiyo nusu ya kundi hilo haihojiwi, na anayetaka kujua hali ya damu, lishe au huzuni ya mtoto wa miaka 12 wa Marafa au Ngomeni hana jedwali la kufungua. Mara moja tu mfumo humkumbuka kwa chanjo: tangu Oktoba 2019, msichana wa miaka 10 huchanjwa dhidi ya virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Mvulana hana hata miadi hiyo.

Tazama yanayotokea akienda mwenyewe kutafuta huduma. Msichana aliyevaa sare ya shule huketi benchi moja na kina mama wenye watoto wachanga, na mmoja wao bila shaka ni jirani wa mamake. Akiitwa, husema kichwa kinamuuma. Muuguzi mwenye foleni iliyofika mlangoni hamvuti kope la chini kuangalia kama damu imepungua, hamuulizi kama hedhi inamzidi, kama amekula tangu jana, wala kama kuna mtu anayemsumbua njiani. Humwandikia parasetamoli na kumwita anayefuata. Daftarini huingia maumivu ya kichwa, na mtafiti atakayekuja mwaka ujao atayahesabu maumivu ya kichwa.

Hapa ndipo elimu ya uzamili ingefaa. Somo la kwanza la epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii, ni kuyatenga makundi ya umri kabla ya kulinganisha, kwa kuwa yanayomdhuru mtoto wa miaka miwili si yanayomdhuru wa miaka 13, ambaye hatari zake ni ajali za barabarani, kuzama majini, ukatili, mimba za mapema na msongo ambao nyumbani huitwa ukaidi. Balehe pia ni kipindi cha pili cha kukua kwa kasi baada ya utotoni, na wale waliodumaa ndio watakaobalehe. Inanishangaza kwamba tunawafuata kwa utepe hadi mwaka wa tano, kisha tunawaacha mlangoni pa nafasi yao ya pili.

Siwalaumu sana wanaokwepa. Mshiriki wa chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi pamoja na kukubali kwake mwenyewe, na kamati za maadili, kwa haki kabisa, huyarudisha mapendekezo ambayo hayakufikiria itakuwaje mtoto akifichua kwamba anayemdhuru ni huyohuyo mzazi aliyetia sahihi. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI humruhusu mtoto mjamzito, aliyeolewa au aliye mzazi kukubali kipimo cha virusi mwenyewe, lakini mambo mengine mengi hayana njia nyepesi kama hiyo. Ni rahisi zaidi kuomba data iliyokwisha kukusanywa. Kilifi kuna kituo kikubwa cha utafiti tangu mwaka 1989, ambacho tangu 2000 kimekuwa kikifuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa wakazi wanaoizunguka hospitali ya kaunti. Ni hazina ya kujivunia, ila eneo lake si kaunti nzima.

Pengo hili lina gharama. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, aina ya miraa ambayo majani yake hutafunwa, na mahakama ikasitisha marufuku hayo, kila upande ulizungumza kwa niaba ya watoto. Wakulima walitetea kipato chao, na viongozi wetu walitetea vijana wanaoharibika. Katika kelele zile zote sikusikia mtu akisema ni watoto wangapi wa miaka 12 wa Malindi wanaotafuna, wanaanzia wapi, na nani huwauzia. Tasnifu moja iliyofanywa vizuri katika shule chache za Maweni, Barani na Gongoni ingetosha kuubadilisha mjadala.

Kaunti nayo, inayosimamia huduma za afya tangu ugatuzi wa mwaka 2013, isimrudishe mhitimu wake kwenye zamu ileile aliyoiacha. Impe kazi ya kuyachambua madaftari ya kaunti ndogo kwa umri halisi, kuanzia na yale ya mwaka uliopita ambayo tayari yamejaa kabatini. Na vyuo viweke sharti kwamba mwalimu mkuu aliyekubali wanafunzi wake wahojiwe aletewe matokeo, kurasa mbili za Kiswahili, kabla ya mtafiti kuvaa joho la mahafali.